Hema Kigamboni, na Amri Tunayoipita Haraka



Kijana mwenzangu, swali la leo sikulitunga mimi. Lilikuja kwa ujumbe wa sauti WhatsApp, usiku, kutoka kwa dada mmoja wa kikundi chetu cha vijana huku Temeke. Anauza duka la mtu, na kama umewahi kuuza duka la mtu, mshahara wake unaujua. Sauti yenyewe ilikuwa fupi na nusu yake kimya. Aliuliza: "Frateri, elfu thelathini ya kambi ninayo. Lakini mama huko Songea mgongo unamsumbua, na mdogo wangu anadaiwa michango shuleni. Sasa mimi nikalale baharini siku mbili, Mungu ananionaje?"

Nilimwambia nitamjibu kesho yake. Jibu limekuwa refu kuliko nilivyodhani, na kwa ruhusa yake naliweka hapa, maana najua hayuko peke yake. Yule wa kwanza kupata mshahara katika ukoo analijua hili: kila shilingi ina mwenyewe kabla haijakufikia mkononi. Ukinunua soda baridi unasikia kama kuna mtu nyumbani anakohoa. Ukipumzika unajiona mwizi.

Kwanza tuielewe hiyo kambi. Unavuka na kivuko kutoka Magogoni, huku nyuma yako Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lile lililojengwa kati ya 1897 na 1902, likizidi kuwa dogo. Wengine wanapita Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016. Ukishafika ng'ambo ni bajaji au daladala kuelekea Mjimwema na kwenda mbele, na huko pwani yote imejaa sehemu za kulala: mabanda ya makuti, vyumba vya kiyoyozi kwa wenye nazo, na viwanja vya mchanga ambapo unalipia nafasi tu, unasimamisha hema lako, unatumia bafu na choo cha pamoja. Majina kama Mikadi na Kipepeo yamezoeleka kwa miaka mingi kwa Wazungu wanaozunguka Afrika kwa gari. Wanafika na lori lenye viti na mahema, au na karavani, yaani nyumba kamili juu ya magurudumu yenye kitanda, jiko na pazia dirishani. Wanaliacha gari pale, wanavuka Zanzibar, wanarudi.

Siku moja mtoto wa kipaimara tuliyekwenda naye aliizunguka karavani moja mara tatu, kisha akaniuliza, "Frateri, kwa hiyo hawa hawana kwao?" Nilicheka. Lakini swali lake ni la kiteolojia kuliko alivyojua, tutalirudia.

Huko Ulaya, nyumba hizi za magurudumu kando ya bahari si mambo ya matajiri peke yao. Kule Uingereza, kwa mfano, sheria ya 1938 ndiyo iliyowafungulia wafanyakazi wengi mlango wa kupata likizo yenye malipo, na watu wa viwandani wakaanza kuielekea bahari. Kwetu neno karavani lina kumbukumbu nyingine kabisa. Karne ya kumi na tisa, karavani ilikuwa msafara wa wapagazi kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, miezi njiani, mtu na mzigo wa kilo thelathini hivi kichwani au begani, mara nyingi pembe za ndovu. Hapo Bagamoyo, walipofika wamisionari wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, pwani ilikuwa mahali pa mpagazi kutua mzigo, na kwa aliyefungwa minyororo ilikuwa mahali pa kupoteza matumaini. Wapo wanaolisoma hata jina la mji kwa namna hizo mbili: bwaga moyo, tua moyo wako, au uache moyo wako hapa, maana hutarudi. Ufuo ni uleule. Inategemea unaukanyaga kama nani.

Sasa nirudi kwa dada. Mungu anamwonaje?

Amri ya tatu tunaifundisha kwa watoto kama amri ya kwenda Misa, na tunaishia hapo. Misa ni moyo wake, sibishi. Lakini soma amri hiyo mara mbili, kwa sababu Biblia yenyewe imeiandika mara mbili. Katika Kutoka 20 sababu ya kupumzika ni kwamba Mungu aliumba kisha akapumzika. Katika Kumbukumbu la Torati 5 sababu ni tofauti: kumbuka ulikuwa mtumwa Misri. Yaani anayeambiwa apumzike ni mtu ambaye babu yake hakuwa na ruhusa ya kukaa chini. Farao hakuwa na siku ya saba. Farao alikuwa na hesabu ya matofali tu, na walipoomba siku tatu za kwenda kumtolea Mungu sadaka, akawaita wavivu na kuwaondolea majani ya kufyatulia. Soma Kutoka 5, utamtambua bosi fulani unayemjua.

Nilipokuwa nasoma falsafa tulimkuta Aristotle akisema jambo zuri sana: tunahangaika na kazi ili hatimaye tuwe na utulivu, na utulivu ndio mahali ambapo mtu anakuwa mtu. Darasa zima tulikubali. Halafu ukurasa mwingine, katika kitabu chake cha Siasa, anaikumbuka kwa utulivu kabisa methali ya kwao kwamba watumwa hawana mapumziko. Kwake hilo si tatizo, ndivyo dunia ilivyopangwa: wengine wafanye kazi, wengine wafikiri. Sasa wachungaji wa mbuzi kule jangwani, ambao hakuna chuo kilichowafundisha, wanapokea Torati inayosema mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike kama wewe. Kama wewe. Hata ng'ombe na punda wametajwa! Mimi Aristotle namheshimu, mitihani yake nimeifaulu kwa jasho, lakini hapa mbuzi wa Sinai wamempita.

Kwa hiyo, dada yangu, kupumzika kwako si kitu cha kuomba msamaha. Mtakatifu Thomasi wa Akwino, ambaye hakuna anayeweza kumwita mvivu, anauliza kabisa kama kunaweza kuwa na fadhila katika michezo, na anajibu ndiyo. Anakisimulia kisa cha Mtakatifu Yohane Mwinjili, ambaye watu walikwazika kumkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja mwenye upinde arushe mshale, kisha mwingine, kisha mwingine. Akamuuliza, ungeweza kuendelea hivyo bila kukoma? Yule akajibu upinde ungevunjika. Roho ya mtu nayo, alisema Yohane, ina kamba yake.

Najua utasema: sawa frateri, lakini ningeweza kupumzika nyumbani bure, kwa nini baharini tena kwa hela? Ni swali la haki. Coco Beach ipo, unakwenda Jumapili jioni na nauli yako, unakula mihogo ya kukaanga na pilipili, unarudi, na hilo nalo ni pumziko halali. Lakini wewe unayelala na wadogo wanne chumba kimoja Mbagala, ukirudi "nyumbani kupumzika" unarudi kwenye ndoo za maji na kelele za baa ya jirani. Wakati mwingine lazima utoke. Na Mungu wa Israeli alilijua hilo, ndiyo maana aliwapa watu wake sikukuu nzima ya kambi.

Iko katika Walawi 23. Sikukuu ya Vibanda, siku saba, na vibanda vyenyewe vya matawi, mitende ikiwemo. Mtu wa pwani akisoma pale anaona makuti kabisa. Mwenye nyumba ya mawe anatoka kwenye nyumba yake na kulala kibandani, ili kizazi chake kijue kwamba Mungu aliwakalisha wazee wao vibandani alipowatoa Misri. Katika Nehemia 8 watu wamerudi kutoka uhamishoni, wanaisoma sheria hiyo kama wanaisikia mara ya kwanza, wanakwenda milimani kukata matawi, wanajenga vibanda juu ya mapaa, uani, na hadi kwenye nyua za hekalu. Furaha yake ilikuwa kubwa mno. Hebu fikiria Jerusalemu nzima imegeuka kambi ya vijana.

Lakini angalia kinachotokea ndani ya kibanda. Makuti hayaulizi una gorofa au umepanga. Kwa siku saba tajiri na maskini wanasikia upepo uleule na mbu walewale. Ndiyo maana napenda hema kuliko chumba cha kiyoyozi pale pembeni, na nimeshagombana kidogo na wenzangu wawili waliotaka tuchukue "vyumba vichache kwa viongozi". Viongozi gani? Kristo mwenyewe, Injili ya Yohane sura ya kwanza inapotangaza kwamba Neno alitwaa mwili na kukaa kwetu, kitenzi cha Kigiriki kilichotumika kina hema ndani yake: alisimamisha hema lake katikati yetu. Na ile tabernakulo unayoipigia goti parokiani, jina lake kwa Kilatini ni hema. Kwa hiyo yule mtoto aliyeuliza kama wenye karavani hawana kwao aligusa penyewe. Wanako. Ila mwenye hema anakumbuka kwa urahisi kuliko mwenye nyumba kwamba hapa alipo anapita, na kwamba Mungu amekubali kupita naye.

Na hela? Hapa ndipo nilipomshangaza dada. Fungua Kumbukumbu la Torati 14. Anayekaa mbali na mahali patakatifu anaambiwa auze zaka yake ya mazao, afunge fedha mkononi, aende, na akifika anunue chochote moyo wake unachotamani, ng'ombe, kondoo, hata divai, ale na kufurahi mbele za Bwana pamoja na nyumba yake. Mungu anakuagiza utenge hela ya kufurahi! Ila kwenye maneno hayohayo anaongeza kwamba yule Mlawi asiye na shamba asiachwe. Furaha ina bajeti, na ndani ya bajeti kuna mtu mwingine.

Upande wa pili nao upo, na nisipousema nitakuwa nakudanganya. Katika Marko 7 Yesu anawakemea vikali watu waliotumia neno takatifu, korbani, kukwepa kuwatunza baba na mama. Basi kama ile elfu thelathini ndiyo dawa ya mama, kambi isubiri, na wala usijisikie umepungukiwa utakatifu. Nilimuuliza dada moja kwa moja: ni dawa, au ni woga? Akanyamaza. Akasema mama ameshakwenda hospitali, dawa anazo, hela ya mwezi huu ameshatuma. Tena alipompigia, mama alimwambia, "Nenda mwanangu, na mimi unipigie picha ya bahari." Sasa hapo kilichobaki ni Farao ndani ya kichwa, anahesabu matofali. Nikamwambia aende.

Nilidhani nimemaliza. Lakini kuna mtu sijamtaja, na tangu mwaka jana ananisumbua.

Ilikuwa kambi moja ya huko huko, jina lake siandiki. Saa nane usiku nilitoka hemani kwa sababu ya joto, nikamkuta mlinzi amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, koti zito, tochi mapajani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona hulali?"

"Joto, mzee."

"Hili si joto. Njoo Januari."

Nikakaa mchangani. Tukaongea hadi karibu alfajiri. Kwake ni Kibada, si mbali. Akitoka zamu watoto wanakwenda shule, wakirudi yeye anajiandaa kurudi kazini. Tangu Ramadhani ilipokwisha hajapata siku ya kupumzika hata moja, na ilikuwa inakaribia miezi minne. Swala ya Ijumaa anaisikia kwa spika ya msikiti kwa mbali, yuko langoni. Akaniambia bila uchungu, kama mtu anayesema habari za hali ya hewa: "Bahari hii nimeilinda miaka sita. Kuoga sijaoga."

Ndugu zangu, sisi usiku ule tulikuwa arobaini, tumelala usingizi wa watoto wa Mungu, na usingizi wetu ulikuwa umekaa juu ya mabega ya mtu mmoja asiyelala. Aristotle asingeona tatizo. Torati inaliona. Sheria ya nchi pia inaliona: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mfanyakazi apate angalau saa 24 za mapumziko kila wiki, na likizo ya siku 28 zenye malipo kwa mwaka. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliandika katika waraka wake wa kazi wa 1981, Laborem Exercens, kwamba pumziko la kila wiki na likizo ya mwaka ni haki ya mfanyakazi, na kabla yake Leo wa Kumi na Tatu, mwaka 1891, alikuwa ameshasema kazi isimvunje mtu mwili na roho. Haya yote yapo kwenye karatasi. Mzee alikuwa na ndoo na tochi.

Asubuhi tulimpelekea chai na chapati, mchana pilau. Alishukuru sana. Lakini sahani ya pilau si mapumziko, tusijidanganye, na mlinzi haendi kusali Ijumaa kwa sababu vijana Wakatoliki wamempa chapati. Tungeweza kufanya kitu kingine. Kikundi cha watu arobaini ni mteja, na mteja wa watu arobaini anasikilizwa. Kabla ya kulipa unaulizia bei, unaulizia maji, unaulizia kama wavulana na wasichana watakuwa na sehemu zao mbalimbali (Padre atakuuliza hilo kabla ya yote). Unashindwa nini kuulizia walinzi wenu na wapishi wenu wanapumzika siku gani? Muulize meneja kwa adabu, usikilize anavyojibu, na kama sehemu ni mbili zenye bei zinazokaribiana, jibu hilo likuongoze.

Halafu kuna wa karibu zaidi. Kumbukumbu la Torati 16 inataja kwa majina ya kazi na hali zao wanaopaswa kufurahi katika Sikukuu ya Vibanda: wewe, mwanao na binti yako, mtumwa na mjakazi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Isome taratibu halafu nitajie: dada wa kazi nyumbani kwenu alikwenda lini baharini? Simwulizi mama yako, nakuuliza wewe unayefuliwa suruali ya kwenda nayo kambini. Ametoka Iringa au Singida akiwa na umri kama wako. Anaijua Dar kwa uchochoro wa kwenda dukani na kurudi. Jumapili wote mnakwenda Misa, yeye anabaki na mtoto na sufuria. Wengine miongoni mwao ni Wakatoliki wenzetu, wamebatizwa na kuimarishwa, na hakuna jumuiya inayowajua kwa majina.

Kuna tukio moja la ufukweni ambalo sasa silisomi kama zamani. Yohane 21. Mitume wamefanya kazi usiku kucha, hawajapata kitu, wanakaribia pwani alfajiri wakiwa hoi. Mchangani wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Aliyeamka kabla yao, aliyekaa kwenye moshi, ni Bwana mfufuka. Anawaita wale. Mwalimu ndiye aliyechukua zamu ya mpishi ili waliochoka wakae. Sioni namna ya kwenda ufukweni kama mwanafunzi wake na kuacha zamu zote za moto kwa wengine.

Basi kambi ijayo ni wikiendi ya karibu na Nane Nane, Ijumaa jioni hadi Jumapili. Misa ya Jumapili tutasali parokia ya karibu, mapema, si kwa kusinzia. Tutapika wenyewe kwa zamu, wavulana mkiwemo, na wanaojua kukaanga samaki wajitokeze sasa. Wasioogelea wasivuke kamba, na pombe ibaki mlikoikuta. Mchango ni elfu thelathini, na kila anayeweza anaongeza elfu tano kwa ajili ya asiye nayo. Nani amelipiwa anajua mweka hazina peke yake. Kwenye fomu safari hii kuna mstari mpya chini ya jina lako: "Natoka na nani?" Hapo andika jina la dada wa nyumbani kwenu, au wa jirani, au kijana wa gereji asiyepewa siku. Kama ni dada wa kazi, ruhusa mkaombe mapema kwa mama mwenye nyumba, mwende wawili kwa heshima, na mmoja wenu ajitolee kubaki na mtoto siku hizo mbili. Mimi nimeshajiandikisha kubaki na mmoja, mapacha kwa kweli, huku Tandika. Niombeeni.